Tisini Ilikutosha, Dada

Dada yangu Nekesa,

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kudhani kwamba oksijeni ni hewa tu, na hewa haiwezi kumzidi mtu. Nimelisikia kosa hilo kwa wakulima, kwa wahubiri, hata kwa walimu wenzangu. Mimi mwenyewe nililifanya baada ya kufundisha kemia zaidi ya miaka thelathini, na nililifanya juu ya kifua chako. Ndiyo maana barua hii ni yako kwanza, ingawa naiacha wazi ili wengine nao wapite waisome.

Asubuhi hii ukungu umeshuka kutoka Elgon mpaka uani kwangu, hapa nje ya Kitale. Mahindi hayaonekani. Nasikia tu majani yakidondosha maji. Ukungu wa namna hii hunirudisha jikoni kwako, kwa sababu nilipokuwa mdogo sikujua tofauti ya ukungu na moshi. Niliamini kwamba ni wewe uliyekuwa ukitengeneza ukungu wote wa Bokoli, katika jiko la ile shule ya bweni, ukiupuliza kwa mdomo mpaka utoke dirishani na kufunika vilima.

Mama alikuwa amefariki, na wewe ndio kwanza umeajiriwa kuwapikia wanafunzi. Nakumbuka masufuria ambayo mimi ningeweza kuoga ndani yake, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na kuni za mkaratusi ambazo msimu wa mvua zililia kabla ya kuwaka. Mimi nilikaa mlangoni na daftari langu, pale mwanga ulipoingia. Ulinikalisha hapo makusudi. "Kaa upande wa hewa," uliniambia, kisha ukarudi ndani huku ukijifuta macho kwa ncha ya leso. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba siku zote mmoja wetu alikuwa upande wa hewa na mwingine upande wa moshi, na hatukubadilishana hata siku moja.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuja likizo na chupa mbili za dawa kutoka maabara, nikakuonyesha jinsi oksijeni inavyotengenezwa. Nilichukua kijiti, nikakiwasha, nikakipuliza mpaka kikabaki na kaa jekundu tu, kisha nikakiingiza ndani ya chupa. Kikalipuka moto upya. Nilitazamia ushangae. Wewe uliendelea kukoroga uji, ukaniuliza kama hiyo kitu ni moto au inakula moto. Nikakueleza kwa urefu, kama kawaida yangu, kwamba yenyewe haiwaki, ila inauchochea moto wa kitu kingine. Ukafikiri kidogo. "Basi si kitu ya mtu kuguza-guza," ukasema. Laiti ningaliyaandika maneno hayo ubaoni na kuyaacha hapo.

Kuna jambo jingine ambalo lilianza siku hizo, na sikujua kwamba lilikuwa linaanza. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ulinikabidhi mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za nyumbani: hati ya shamba, cheti cha kifo cha mama, kadi zako za kliniki. Hukutaka mjadala. Kwetu ndivyo ilivyo, na katika nyumba nyingi, kutoka kule Naitiri mpaka kule mji wa Kwanza, ndivyo ilivyo: makaratasi hukaa kwa aliyesoma. Asiyesoma huugua, huzaa, hulima na huzikwa, na ushahidi wake wote uko kwenye sanduku la ndugu yake, mji mwingine.

Ule mwaka ulipokuja kunisaidia kupukuchua mahindi, kikohozi chako kilikuwa kimeshazoeleka. Sote tulikichukua kama sauti yako ya pili. Turubai zilikuwa zimetandazwa uani, na wewe ulikaa katikati ya magunzi ukiwatania majirani, hasa Mama Truphena wa kanisani kwetu, ukimwambia kwamba mahindi yake yana meno machache kuliko yeye. Kisha nikaona umenyamaza. Mabega yako yalikuwa yanapanda na kushuka, na midomo ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Tulikupeleka hospitali hapo mjini kabla jua halijafika katikati.

Daktari alikuuliza kama unavuta sigara. Hata kwa pumzi hiyo kidogo ulicheka. Ukamwambia sigara huijui, ila umepikia watoto wa watu tangu uwe msichana. Akaandika kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba moshi wa jiko, ukivutwa miaka mingi, huyachosha mapafu sawa na tumbaku, na kwamba akina mama wengi wanaoletwa na kifua hicho hawajawahi kushika sigara.

Akaagiza oksijeni. Hapo ndipo lile kosa lingine, ndugu wa lile la kwanza, lilipojitokeza. Mama Truphena alinivuta mlangoni, akaninong'oneza kwamba nisikubali, ati hewa ya mtungi ni ya kumsindikiza mtu. Aliwataja watu wawili aliowajua yeye, waliowekewa na hawakurudi nyumbani. Wewe ambaye ulisikia sufuria ikianza kufurika ukiwa nje ya jiko, ulisikia na hayo. Ukaivuta mipira myembamba ya hewa waliyokuwa wamekuwekea puani, ukaitupa kitandani.

"Toa hii," ukasema. "Mimi sijafika hapo."

Muuguzi wa zamu alikuwa Chebet, mwanamke mtaratibu kutoka huko juu mlimani. Hakubishana na wewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wako, akakuambia kwamba watu wale wawili huenda waliletwa wakiwa wamechelewa, na oksijeni ikalaumiwa kwa sababu ndiyo iliyokutwa karibu nao. Alikuvisha kile kipimo cha kidole, kinachosoma oksijeni iliyomo katika damu, kwa mia. Kilionyesha sabini na tisa. Akakuonyesha. Kisha akakurudishia mipira puani, polepole, na tukaitazama namba ikipanda kama mtu anayetoka kisimani: themanini na tatu, themanini na saba, tisini. Ikasimama hapo. Midomo yako ikarudi kuwa midomo yako.

"Hii ni dawa, Mama," Chebet alisema. "Iko na dozi. Ikipungua inaumiza, na ikizidi inaumiza. Wewe tunakutafutia kati ya themanini na nane na tisini na mbili, basi."

Aliiandika kwenye chati iliyoning'inia kitandani: kiasi gani, kwa njia gani, namba ipi inatafutwa, na saa ambayo angerudi kuangalia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilisikia kila neno, dada, na neno moja sikulichukua.

Kando ya kichwa chako palikuwa na chupa ya maji ambayo oksijeni ilipitia, ikitoa mapovu. Uliisikiliza ukiwa umefumba macho. "Inachemka kama uji," ukasema, ukalala usingizi mzuri.

Kesho yake alasiri, saa ya wageni, wodi ilikuwa imejaa. Chebet alikuwa upande wa mbali na mgonjwa aliyeletwa wakati huo. Nilikaa nikikutazama, na nikaitazama namba. Tisini. Maisha yangu yote nimesahihisha mitihani. Tisini kwa mia ni alama nzuri, lakini mwalimu yeyote hujiuliza hizo kumi zilipotelea wapi. Palikuwa na koki ukutani, iliyoleta oksijeni kutoka mtungini, na juu yake bomba dogo la kioo lenye kijipira kinachoelea. Ukifungua koki, kijipira hupanda. Nikafikiri kwamba wauguzi ni wachache, mtungi ni wa serikali, labda wanabana. Nikafikiri kwamba wewe hukunibania kitu. Nikafungua.

Kijipira kikapanda. Namba ikapanda: tisini na tano, tisini na nane. Nilifurahi kama mtoto. Mashavu yako yalipata wekundu, ukaanza kuzungumza kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wetu. Ulisema mto umejaa. Ulisema mama amerudi kutoka sokoni na hakuna aliyemfungulia lango. Ukalalamika kidogo kwamba kichwa kinauma. Ukauinua mkono kuonyesha kitu, na kiganja kikawa kinapigapiga hewani kama jani. Mimi nikaona ni raha ya kupumua vizuri. Nilikaa ndani ya ndoto yako pamoja nawe, nikikujibu, nikikuambia kwamba lango nimelifungua. Nisamehe, dada. Ulikuwa unazama, na mimi nilikaa kando nikipunga mkono.

Chebet alipofika hakukutazama wewe kwanza. Alitazama ile namba, na sura yake ikabadilika kwa sababu namba ilikuwa nzuri mno.

"Nani ameguza hapa?"

Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Alikuita kwa jina, akakutikisa bega, ukafungua macho nusu na kuyafumba tena. Akairudisha koki taratibu mahali pake. Hakuifunga kabisa, maana baadaye aliniambia kwamba kuikata ghafla nako ni hatari. Akatuma daktari aitwe. Kwa saa nzima alikuwa akirudi kila dakika chache, akikuita, akihesabu pumzi zako, na mimi nimesimama ukutani kama mwanafunzi aliyetolewa darasani.

Ndipo alipopata nafasi ya kunielezea, na mimi ninayependa kueleza nikawa wa kuelezwa. Mapafu yaliyochoshwa na moshi hayana shida ya kuingiza hewa safi tu, bali pia ya kutoa ile chafu, yaani kaboni dioksidi. Mwili wako ulikuwa umejifunza kuishi na upungufu na kujipanga kulingana nao. Ukiumwagia oksijeni kupita kiasi, mpango huo unavurugika, ile hewa chafu inajazana katika damu, na mtu analewa nayo: kichwa kinauma, mikono inapigapiga, maneno yanapotea njia, usingizi unamchukua. Wagonjwa wengi wengine hutafutiwa namba ya juu kuliko yako, na wapo wanaohitaji nyingi kweli. Kwa hiyo namba si alama ya mtihani. Kila mtu ana yake, na anayeipanga ni daktari aliyemsikiliza kifua.

Jua lilikuwa linainama ulipoamka sawasawa. Uliomba chai. Nikakiri yote kwako kabla hujaimaliza. Ukakiweka kikombe kando.

"Kwa hivyo Mwalimu, ulikuwa unataka nipate mia?" ukasema. "Si unajua hata shule sikuwahi kupata."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka naye akahitaji kuangaliwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za amani. Mama Truphena alikuja na kina mama wenzake na chupa ya mafuta ya upako, na safari hiyo kemia yangu ilifaa kitu. Niliwazuia. Nikawasimulia kile kijiti na kaa lake: mafuta usoni karibu na oksijeni yanangoja cheche moja tu. Akaniuliza kwa ukali kama ati hata mafuta yaliyoombewa huwaka. Hapo wewe ukatuokoa sote wawili. "Mpakeni Mwalimu," ukasema. "Mimi mniombee hivi hivi nikiwa mkavu." Wakaomba, tena kwa muda mrefu.

Ulipotoka hospitali, Chebet alikata kipande cha kasha la glavu, akaandika kwa kalamu ya bluu jina lako, kwamba mapafu yako ni ya moshi, na ukiwekewa oksijeni namba yako ni themanini na nane hadi tisini na mbili. Alisema kadi hiyo iende nawe kila mahali, maana hospitali nyingine hawakujui. Uliipokea kwa mikono miwili. Kisha, hata kabla hatujavuka lango, ukanipa mimi. "Weka wewe."

Nami nikaiweka. Sikuipenda sura yake. Nilikaa mezani nikaiandika upya kwa mwandiko mzuri, kwa Kiswahili na Kiingereza, nikaipeleka kwenye duka la fotokopi ifunikwe kwa plastiki, na ili isijikunje nikaibana ndani ya kitabu kikubwa cha kemia. Nilikusudia kuja nayo Bokoli. Kila tulipozungumza kwenye simu nilikuambia kwamba kadi iko tayari na imependeza. Wewe ulinijibu kwamba huna wasiwasi, iko mahali pazuri.

Mvua za Julai zikaja na baridi yake. Binti yako Nasimiyu alinipigia asubuhi, akasema mmekwenda hospitali moja upande wa Bungoma tangu alfajiri, kifua kimekubana. Niliposikia neno oksijeni nilikimbilia rafu ya vitabu, wala sikuwaza kumtajia namba yako hapo hapo kwenye simu. Sikukumbuka ni kitabu kipi. Nilivishika kwa majalada na kuvitikisa kimoja kimoja, na kila kitabu kilidondosha kitu: barua, picha, jani kavu, matokeo ya wanafunzi ambao sasa ni wazee. Kadi ilipoanguka ilinipiga mguuni, nzuri kweli, inang'aa.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Ulikuwa na maski usoni na kijipira kilikuwa juu kabisa. Hakuna wa kumlaumu pale. Walimpokea mwanamke anayekosa pumzi, wakafanya ambalo mtu mwema angelifanya. Nasimiyu alikuwa na matumaini. Aliniambia umetulia na umepata rangi. Nikaiona hiyo rangi, na nikauona mkono wako juu ya blanketi ukipigapiga kama jani.

Daktari alikuwa kijana. Nilimpa kadi. Aliisoma mara moja tu, akageuka akaanza kurekebisha, akabadilisha maski, akamwita mwenzake. Baadaye, mambo yalipotulia kidogo, alinirudishia.

"Mzee," alisema kwa upole sana, "hii ilifaa ifike na yeye."

Ulikaa siku tatu. Nimonia ilikuwa imeshika pande zote mbili, na daktari aliniambia waziwazi kwamba hawezi kusema ni kitu gani kilichokuchukua. Nami sitajua. Nimekubali kuishi na kutojua huko kama mtu anavyoishi na kidole kisichokunjika.

Asubuhi ya mwisho ulifungua macho. Chupa ya maji ilikuwa inatoa mapovu yake. Nje mvua ilikuwa nyembamba, na dirisha lote lilikuwa jeupe. Ulinitazama kana kwamba nimekaa na daftari magotini.

"Sogea," ukaniambia. "Moshi inakufuata."

Nikasogeza kiti mpaka karibu na mlango. Ukaridhika, ukafumba macho.

Siku hizi, kila Jumatano, mimi huenda wodini Kitale saa ya wageni. Chebet amepanda cheo, na amewafundisha wenzake kubandika plasta chini ya kila koki, imeandikwa kwa wino mwekundu namba ya mgonjwa huyo, ili macho yasiangalie kijipira bila kuangalia namba. Mimi huzunguka kwa jamaa za wagonjwa. Nawaambia wasiogope mtungi, na wasiguse koki. Nawaambia wasipake mtu mafuta usoni, na simu zichajiwe kwingine. Nawaambia mgonjwa akianza kulala mchana isivyo kawaida na kusema maneno matamu ya zamani, wasiketi kumsikiliza, wamwite muuguzi. Wananiita Mzee wa Oksijeni. Juzi mama mmoja aliniuliza kama nilikuwa daktari. Nikamwambia hapana, nilikuwa mtoto wa kukaa upande wa hewa.

Wakati mwingine, ukungu ukiwa mzito kama leo, naona mlango wa jiko lako, na wewe unatoka humo bila kukohoa, na uji umekwisha pakuliwa. Sina la kukueleza. Nakaa tu. Siku yangu ikifika nitakuja kwako mikono mitupu, bila karatasi ya mtu yeyote.

Maana karatasi zote nimezirudisha. Nasimiyu ana hati yake, kila mtu ana kadi yake. Lala salama, dada, na usinigombeze nikigeuka kidogo nizungumze na huyu anayesoma barua isiyo yake.

Ndugu yangu, kama kwenu kuna mtu mwenye kifua cha moshi, mpigie simu muuguzi au daktari wake leo, uliza namba yake ya oksijeni, mwambie aliye naye aiandike kwenye karatasi yoyote, kwa mwandiko wowote, na aiweke nyuma ya kitambulisho cha mgonjwa mwenyewe.

Mdogo wako,
uliyemwita Mwalimu